Kengele Moja, Hatari Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Upepo Mkali Skulini Pemba

Skuli ya kisa hiki haimo kwenye ramani. Imeundwa kwa ajili ya kufundishia, na vipande vyake ni vile ambavyo mwalimu yeyote wa Pemba atavitambua: jengo refu la bloku lililoezekwa bati za geji 30 (yaani bati nyembamba), mwembe katikati ya uwanja, rimu ya gari iliyotundikwa kwenye tawi la mwembe huo ndiyo kengele, na mkondo wa jioni uliojaa watoto. Tunachochambua ni dakika 12 za upepo, na zoezi moja ambalo watoto hao walikuwa wameshafundishwa vizuri mno: kukimbia moto.

Tunaposema vizuri mno hatufanyi kejeli. Walilijua kama wanavyoijua Fatiha. Rimu ikigongwa mfululizo, acha mkoba, toka nje, panga mstari chini ya mwembe, hesabiwa. Ndilo lililowaumiza.

Ilivyotokea

Ni Aprili, masika imekolea. Skuli iko kaskazini ya Pemba, mita 300 hivi kutoka pwani. Madarasa ni manne, kila moja mita 8 kwa 6, watoto 45, mlango mmoja unaofungukia barazani. Kwenye ncha moja ya jengo kuna stoo ndogo ya mita 3 kwa 4, juu yake pamemwagwa zege. Ng'ambo ya uwanja kuna ukumbi mpana usio na nguzo katikati. Walimu waliopo ni watano. Angalizo la mvua kubwa lilikuwa limetangazwa redioni tangu jana yake; mwalimu wa zamu alilisikia, akawaza barabara na mabonde ya mpunga.

Saa 8 na dakika 40 mchana wingu zito lilipanda kutoka baharini, tako lake jeusi na limenyooka. Dakika sita baadaye upepo uligeuka ghafla, ukaja wa baridi, umebeba harufu ya mvua. Watoto waliokaa karibu na mlango walichungulia wakaona kitu kama mkonga wa tembo kinaning'inia chini ya wingu, juu ya maji. "Maalim, njoo uone!" Maalim alitoka, akaona, akasimama. Hapo zilipotea dakika moja na nusu ambazo hakuna aliyefanya kitu ila kutazama. Simu mbili zilitolewa mfukoni.

Mwalimu wa zamu alipozinduka alikimbia uwanjani akagonga rimu. Madarasa mawili ya mwanzo yalifanya kama yalivyofundishwa: watoto 90 wakatoka mbio kuelekea mwembeni. Darasa la tatu lilikuwa na mwalimu aliyewahi kuona bango la kigeni linaloonesha familia ikiteremka chumba cha chini ya ardhi. Chumba hicho hakipo, kwa hiyo alichagua jengo kubwa kuliko yote akawapeleka ukumbini. Darasa la nne lilibaki ndani. Mwalimu wake aliamuru madirisha yote yafunguliwe "upepo upite, usije ukapasua nyumba".

Saa 8 na dakika 50 upepo ulifika. Bati za darasa la nne ziliinuka kwenye ukingo wa baraza, zikapinduka kama ukurasa, nne zikaruka uwanjani. Tawi la mwembe, lile lile lenye rimu, lilikatika. Paa la ukumbi lilitikisika lakini likashika. Mtoto mmoja alichanwa na bati nyuma ya mguu, chini ya goti. Mwengine alivunjika mkono kwa tawi. Watatu walikanyagwa mlangoni. Saa 9 kasoro ilikuwa imebaki mvua na ngurumo. Baada ya hapo ndipo mambo yalipokaribia kuharibika zaidi, maana watoto walitawanyika kuokota bati, na moja ya bati hizo ilikuwa imeegemea waya wa umeme ulioanguka.

Neno moja limebeba vitu vitatu

Kabla ya kumlaumu mwalimu yeyote, tuitazame lugha. Tukisema kimbunga tunakusudia mambo yasiyofanana hata kidogo, na mtoto akifundishwa kujikinga na kimoja huenda akajiweka hatarini mbele ya kingine.

Kuna kimbunga kikubwa cha bahari, chenye upana wa mamia ya kilomita. Ndicho kilichopiga Unguja Aprili 1872, kikaangamiza mikarafuu na minazi na kuvunja meli za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa na baadaye kushika uongozi wa karafuu. Ndicho pia kilichoitwa Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024. Visiwa vyetu viko karibu na ikweta, Pemba ikiwa kwenye digrii 5 hivi kusini, ndiyo maana vimbunga hivi havitufikii mara kwa mara. Vikija, Mamlaka ya Hali ya Hewa huvifuatilia na kuvitangaza siku kadhaa kabla, kwa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Skuli hufungwa na vyombo vya baharini huzuiwa. Mtoto ana muda wa kurudi kwao na mzazi ana muda wa kufunga bati kwa kamba.

Kuna kile cha pili, ambacho vitabu vya jiografia hukiita tonado. Hapa tutakiita kimbunga cha mkonga, kwa umbo lake. Huteremka kutoka kwenye wingu la radi, upana wake mara nyingi ni mita kadhaa hadi mia chache, na vingi havimalizi dakika 10. Hakitangazwi juzi wala jana. Kikiwa kilomita 3 baharini na kikienda kwa kilomita 50 kwa saa, kinakufikia kabla dakika 4 hazijatimia. Mkonga juu ya maji na mkonga juu ya nchi kavu ni ndugu. Ule wa majini ukipanda ufukweni unatakiwa uchukuliwe kama ule wa nchi kavu.

Cha tatu ni chamchela ya jua, ile inayozungusha vumbi na majani makavu wakati wa kiangazi. Hiyo haina wingu juu yake. Huanzia chini, kwenye ardhi iliyochomwa na jua, na kwa kawaida hupita ikiwa imechafua nguo zilizoanikwa tu. Hapa ndipo somo la watoto wadogo linapoanzia, kwa swali moja: tazama juu, kuna wingu? Kama hakuna, geuza uso, ziba macho, ipishe. Kama lipo na ni jeusi, ingia ndani.

Baadhi ya majumba yana maneno yao kuhusu chamchela na majini yanayosafiri ndani yake. Mwalimu hana haja ya kubishana na bibi wa mtu. Mtoto aliyekatazwa na bibi yake asisimame kutazama chamchela ameshapata nusu ya somo.

Kimbunga cha mkonga ni nadra kwetu, hilo lisemwe wazi ili watoto wasilale na hofu. Lakini si mali ya Marekani peke yake. Kilichoua watu wengi kuliko vyote vinavyojulikana kilipiga Bangladesh Aprili 1989, wakafa watu wapatao 1,300, wengi wakiwa kwenye nyumba nyepesi. Afrika ya Kusini hupata vimbunga hivi, na Desemba 1998 kimoja kilipita Umtata Nelson Mandela akiwa ndani ya duka la dawa. Walinzi wake walimfunika kwa miili yao. Halafu kuna upepo unaoporomoka kutoka wingu la radi bila mkonga wowote, ambao kwa bati na mwembe hauna tofauti kubwa. Mtoto hahitaji kuubainisha. Anachotakiwa kufanya ni kile kile.

Mwembe, ukumbi, madirisha

Turudi uwanjani. Kwenye moto hatari iko ndani na usalama uko nje. Kwenye upepo ni kinyume chake. Skuli yetu ilikuwa na sauti moja tu ya kengele kwa hatari zote mbili. Mwalimu wa zamu alipogonga rimu alikusudia "tahadharini". Watoto walisikia "tokeni". Hapakuwa na mtoto mkaidi wala mwalimu mzembe. Kasoro ilikuwa kwenye mpango wenyewe, na ingejitokeza hata kama wote wangekuwa hodari. Isitoshe, kengele ilikuwa imetundikwa mahali ambapo mgongaji analazimika kusimama chini ya mti wakati radi zinapiga.

Mwembe mkubwa ni kivuli kizuri na kimbilio baya. Matawi yake ni mazito, na mengi yana mchwa au uozo pale yalipowahi kukatwa. Mnazi nao hupinda bila kuvunjika, lakini nazi na makuti makavu huporomoka kabla shina halijayumba sana. Kwa kanuni ya kuwafundisha watoto: kaa mbali na mti angalau kwa urefu wa mti huo.

Ukumbi ulichaguliwa kwa kuwa ni mkubwa, nao ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo. Paa pana lisilo na ukuta katikati linashikwa pembeni tu. Kuta ndefu zisizokatwa na kuta nyengine huanguka kwa urahisi. Chumba kidogo kina pembe nyingi, na kila pembe ni mahali ukuta mmoja unapoushikilia mwenzake. Stoo ile ya mita 3 kwa 4, ambayo hakuna aliyeikumbuka kwa vile imejaa majembe na madawati mabovu, ndiyo iliyokuwa sehemu imara kuliko zote. Kwa hesabu ya nusu mita ya mraba kwa kila mtoto aliyejikunja, ingechukua 24. Ndiyo kusema stoo isafishwe kabla ya masika, na ufunguo wake usikae kwenye mfuko wa mtu anayeishi mbali, mjini Wete.

Kuhusu madirisha, imani ya kufungua ili upepo upite ilikuwa na wafuasi hata Marekani miaka ya nyuma, ikaachwa. Sababu inaeleweka ukiijua kazi ya upepo kwenye bati. Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu. Kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa, ambao ndio mwanzo wa daraja la chini kabisa katika kipimo cha vimbunga hivi, mvuto huo unaweza kufika kilo 50 hivi kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 3 halifiki uzito wa kilo 10, lakini hapo linavutwa kwa nguvu inayopita kilo 100. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Sasa fungua madirisha ya upande unakotoka upepo: unaingia ndani, unakosa pa kutokea, unasukuma bati kutoka chini wakati linavutwa kutoka juu. Darasa la nne liliezuliwa na mikono miwili kwa pamoja, na mmoja wa mikono hiyo lilijifungulia lenyewe.

Kwa hiyo komeo zifungwe mapema, wingu linapokuwa bado linapanda. Amri ya kukimbilia ukutani ikishatoka, dirisha lililo wazi liachwe wazi. Tumeona kwenye mazoezi mtoto mmoja hodari akibaki dirishani kupigana na komeo yenye kutu wakati wenzake wameshajikunja; huyo hodari ndiye anayepigwa na kioo.

Somo lenyewe

Kazi ya kwanza inafanywa kwa miguu, bila ubao. Mwalimu na wanafunzi wakubwa wanazunguka jengo wakiwa na karatasi na futi ya fundi, wanachora kila ukuta na kuuliza maswali matatu: una dirisha? Upande wa pili yake ni nje au ni chumba kingine? Juu yake kuna zege, au ile pembetatu ndefu ya bloku inayofika kwenye mgongo wa paa? Ukuta wa ncha wenye pembetatu hiyo ndio wa kuogopwa, maana huwa mrefu kuliko zote na sehemu yake ya juu haijashikwa na chochote. Ukuta unaotenganisha darasa na darasa ndio wa kukimbilia. Kwenye skuli za ghorofa zinazojengwa siku hizi, madarasa ya juu yashuke chini ikiwa muda upo, waingie vyumba vya chini vilivyo katikati. Ngazi zilizo wazi upande mmoja haziwafai.

Darasa letu lina ukuta wa kati wa mita 6. Kila mtoto apewe nusu mita, safu moja itabeba 12, kwa hiyo watoto 45 wanahitaji safu nne, nazo zitachukua kama mita 3 na nusu za sakafu. Wadogo na dhaifu waende safu ya kwanza, wanaogusa ukuta. Safu mbili za nyuma zivute madawati juu yao. Dawati letu la mbao nzito, lile la benchi na meza vilivyoungana, linazuia kipande cha kenchi (mbao zinazobeba paa) kinachoanguka vizuri kuliko meza ya plastiki yoyote.

Kazi ya pili ni sauti. Rimu ibaki ya moto na mapumziko. Ya upepo iwe filimbi: mipigo mitatu mifupi, nyamaza, mitatu tena, bila kusita. Filimbi hupigwa barazani au ndani, na kila mwalimu awe na yake. Nyuma ya filimbi zije kauli tatu, na ziwe hizo hizo kila siku: "Ndani! Ukutani! Kobe!" Mtoto aliyeko chooni au uwanjani akisikia filimbi anaingia mlango wowote ulio karibu, hana ruhusa ya kutafuta darasa lake.

Kobe ni mkao. Magoti chini, uso umeelekea ukuta, paji la uso karibu na magoti, mikono yote miwili imefunika shingo kwa nyuma. Watoto wetu wanaupata kwa dakika moja kwa vile unafanana na sijda, ila viganja vinatoka sakafuni kwenda shingoni. Wapo walimu wasiopenda ufananisho huo ugeuke mchezo, nao wana haki. Jina la kobe linamaliza tatizo. Mkoba wenye madaftari uwekwe juu ya mikono. Anayetaka kusoma dua aisome akiwa amejikunja, na mwalimu wa chuo cha Kurani akiambiwa mapema ataifundisha dua ya upepo pamoja na mkao.

Makosa ya mazoezini yanajirudia kila mahali. Watoto huweka mikono utosini na kuacha shingo wazi. Hugeuziana nyuso ili wacheke. Huinua kichwa kila kishindo kinaposikika, na hili ndilo gumu kuliko yote. Dawa yake ni kuwapa kazi ya kuhesabu pumzi 50 kwa sauti ya chini. Mwalimu naye husahau kujikunja kwa kuwa anasimamia. Mwenye ulemavu wa viungo apangiwe wenzake wawili wenye majina, si "atasaidiwa". Wa kiti cha magurudumu afunge breki ukutani, ainame mbele, mikono shingoni. Asiyesikia aguswe bega mara tatu na jirani yake aliyepangwa.

Lengo ni sekunde 60 kutoka filimbi ya kwanza hadi mtoto wa mwisho kuwa kobe. Zoezi la kwanza darasa la watoto 45 litachukua dakika mbili na zaidi, sehemu kubwa ikipotea kwenye mkwaruzano wa madawati. Rudieni mara tatu siku hiyo hiyo, kisha mara moja kila mwezi kuanzia Februari hadi masika yaishe, na tena kabla ya vuli. Mkondo wa asubuhi ufanye lake na wa jioni ufanye lake. Kila mara kuna mkondo mmoja unaoachwa nyuma. Zoezi la moto na la upepo yachanganywe bila kutangazwa, ili mtoto ajifunze kusikiliza kabla ya kukimbia. Hili tunalitilia mkazo kuliko yote yaliyotangulia.

Ishara zifundishwe kwa mifano ya hapa. Maandishi ya kigeni husema sauti ya kimbunga cha mkonga ni kama treni, na mtoto wa Pemba hajapata kusikia treni. Mwambie ni kama mawimbi ya kusi yanapovunjika kwenye mwamba, ila bila mapumziko kati ya wimbi na wimbi. Mwambie pia mkonga unaweza kufichwa na mvua, hivyo asisubiri kuuona. Wingu linalozunguka, vitu vinavyoruka chini yake hata kama mkonga haujagusa ardhi, ngurumo isiyokatika: kimojawapo kinatosha kupiga filimbi. Mwenye kuona kwanza, hata akiwa wa darasa la pili, aruhusiwe kupaza sauti bila kuomba ruhusa. Na simu ibaki mfukoni. Zile sekunde 90 za kutazama zilikuwa nyingi kuliko zoezi zima.

Ukweli mwengine usifichwe kwa wanafunzi wakubwa. Mei 2013, mjini Moore, Oklahoma, watoto 7 walifariki ndani ya skuli ya msingi iliyopigwa na kimbunga chenye nguvu kabisa, kwenye nchi yenye ving'ora na mazoezi ya miaka mingi. Ukuta usiokuwa imara hauwi kimbilio kwa kuitwa kimbilio. Mkao wa kobe unapunguza majeraha ya vitu vinavyoruka, ambavyo ndivyo vinavyoumiza wengi. Hauzuii ukuta kuanguka.

Nje ya skuli

Nyumbani chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho bora, chini ya kitanda kizito cha mbao, mbali na kabati la vyombo. Jiko la kuni au mkaa lizimwe ikiwa kufanya hivyo ni suala la sekunde tu. Nyumba ya udongo na makuti haistahimili, ingawa makuti yakianguka hayakati kama bati. Familia hiyo ikubaliane mapema na jirani mwenye nyumba ya mawe, na mtoto ajue kwamba anaingia bila kubisha hodi. Kwetu hodi ni adabu, kwa hiyo ruhusa hiyo lazima itolewe kwa maneno, mbele ya mtoto.

Aliye pwani kwenye mwani au anayetafuta pweza atoke majini wingu linapojitokeza, asisubiri mkonga. Aliye ndani ya ngalawa auache mkonga ubavuni, aondoke kwa pembe mraba na njia ya mkonga huo. Kujaribu kushindana nao kwa kwenda mbele yake ni kazi bure. Aliyenaswa uwandani alale kifudifudi mahali pa chini, mikono shingoni, mbali na miti na nguzo za umeme. Mabango ya nje husema alale mtaroni. Wakati wa masika mtaro wetu ni mto, tena wenye kasi. Basi atafute bonde lisilopita maji, au ajibanze nyuma ya tuta la shamba.

Upepo ukishapita

Hapa skuli yetu haikuwa na mpango wowote. Watoto wabaki walipo mpaka mwalimu awahesabu. Kama ngurumo zinasikika, nje hapatokwi. Isubiriwe nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Waya ulioanguka, na kila kitu kinachougusa, iwe bati, uzio au dimbwi, kiepukwe kwa mita 10 na zaidi, na shirika la umeme liarifiwe. Bati halishikwi kwa mikono mitupu hata na mwalimu.

Mguu uliochanwa ubanwe kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kipande kilichozama ndani kisichomolewe. Kifungwe pembeni ili kisitikisike. Jeraha la bati lenye kutu au udongo lifikishwe kituo cha afya hata kama damu imekata, kwa sababu ya pepopunda, na mtoto aulizwe kuhusu sindano zake. Mkono uliovunjika ufungwe kwa kanga ulivyo, usinyooshwe. Aliyepigwa kichwani aangaliwe kwa siku nzima: akitapika, akisinzia kupita kawaida au akizungumza maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja.

Wazazi watakuja mbio, na kila mmoja atamchukua wake. Mwalimu mmoja akae langoni na daftari la mahudhurio, aandike nani kaondoka na nani. Bila hivyo, jioni sheha atakuwa anatafuta mtoto aliyeko kwa shangazi yake.

Fundi naye ana sehemu yake. Bati hung'oka kuanzia ukingoni, kwa hiyo misumari iongezwe huko: kwenye ukingo na mgongo wa paa, msumari kwa kila tuta la pili (tuta ni mwinuko wa mkunjo wa bati); katikati, kila tuta la tatu. Msumari upite juu ya tuta, si bondeni, na uwe wenye kofia na mpira. Kenchi ifungwe kwenye linta (ukanda wa zege juu ya ukuta) kwa mkanda wa chuma au nondo nyembamba iliyozamishwa kwenye zege. Bati la baraza litenganishwe na bati la darasa. Paa la darasa la nne lilianza kuinuka kwa sababu lilikuwa bati moja refu mpaka barazani, na baraza ni mdomo ulio wazi.

Rimu inaweza kurudishwa kwenye tawi jengine la mwembe, haina madhara ikibaki na kazi yake. Filimbi ya akiba itundikwe kwenye msumari ndani ya mlango wa ofisi, kwa kimo ambacho mtoto wa darasa la pili anaifikia akinyoosha mkono.